Wimbo wa Nane na Kuku Mmoja

Manundu, Korogwe. Ijumaa, 14 Machi

Alisha kaja asubuhi na redio ya kaseti, kaseti moja, na hili kaunta buku la jalada gumu, kama vile naanza darasa la kwanza. "Shikamoo bibi Ritha, nimekuletea kazi." Nikamwambia kazi ninayo, tazama mlima wa sare za shule kwenye cherehani. Akacheka tu. Huyu ni mjukuu wa marehemu Gulamhussein wa duka la baiskeli, yule aliyetununulia vyombo vya bendi tulipokuwa vijana. Kaseti, ya nyimbo zetu, kaikuta kwa mama Vimla, dada wa Chetan mpiga solo wetu; mwenyewe hajaisikiliza, eti nianze mimi.

Anataka kuitoa upya santuri yetu. Santuri yenyewe moja tu, King'ora, nyimbo nane, mwaka sabini na sita. Eti kuna watu duniani wanatafuta muziki wa roki wa zamani wa Kiafrika kama watu wanavyochimba dhahabu Kang'ata. Kila wimbo unataka maelezo kwenye kijitabu chake, na wa kuyatoa nimebaki mimi. Chetan alifia Uingereza. Laurenti, kaka yangu, mpiga besi, tulimzika sabini na saba.

"Na mzee Iddy wa dramu? Si yuko Kwamsisi?"

Nikamwambia huyo usimtaje ndani ya nyumba hii.

Sasa niandike ambalo Alisha halijui. Mwezi wa kwanza daktari wa masikio aliniambia la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Labda mwaka, labda chini ya hapo. Laurenti aliimba wimbo mmoja tu, wa nane. Sijaisikia sauti yake miaka arobaini na nane. Nataka niisikie kabla sikio hili halijafunga duka. Hayo ndiyo yangu mimi, mengine ni ya Alisha.

15 Machi

Sikusikiliza. Nimeshona kola kumi na moja.

16 Machi

Sikusikiliza. Nimefagia uwanja mara mbili.

17 Machi

Haya. Nitakwenda kwa zamu, wa kwanza mpaka wa nane. Nikirukia wa mwisho nitaogopa, najijua.

Wimbo wa kwanza, King'ora. Tulirekodi kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, siku mbili, na fundi mitambo wa kutoka Dar aliyekuwa akiogopa nyoka. Hakujua kwamba saa sita kamili kiwanda kinapiga king'ora. Kikalia katikati ya wimbo. Fundi akarusha mikono, tuanze upya. Chetan wala hakusimama. Alikitafuta king'ora kwenye gitaa mpaka akakipata, akapanda nacho na akashuka nacho. Kilipokwisha akamwambia fundi, "Ukiifuta hiyo tepu nakutoboa kama spika." Na spika kweli alikuwa ameitoboa, kwa sindano ya kushonea magunia, ili gitaa likwaruze. Babu yake Alisha alipouona ule uharibifu alikaa chini kabisa.

Nimesikiliza nimeinama, sikio la kulia limegusa redio. Shingo inauma. Lakini lo, tulikuwa wakali!

19 Machi

Wimbo wa pili, Dada wa Posta. Upuuzi mtupu. Nimeimba kwa pua. Alisha, andika chochote unachotaka.

20 Machi

Mvua imeanza. Ndogo, ya kupimia bati.

24 Machi

Wimbo wa tatu, Reli ya Mombo. Alisha, ukifika hapa ruka, maana nimekasirika.

Nimekasirikia dramu. Nilidhani nitazisikia na kuzidharau, ndiyo adhabu niliyomwekea Iddy miaka yote, kwamba hakuwa mpigaji, alikuwa mgonga mapipa. Sasa nasikiliza treni inaondoka, magurudumu yanakazana kidogo kidogo, na hakuna treni pale, ni Iddy na vijiti viwili. Besi ya Laurenti imelala juu yake kama mtu aliyepata kiti cha dirishani. Hawa wawili walikuwa hawatazamani wakipiga. Hawakuwa na haja.

Nimeizima. Nimetembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu. Elina wa nyumba ya pili kaniuliza, "Mama Ritha, umepoteza nini?" Nikasema uzi.

25 Machi

Wimbo wa nne, Gari la Maji. Mzuri. Nilikuwa na sauti, jamani.

28 Machi

Umeme hakuna. Mvua ipo.

31 Machi, sikukuu ya Iddi

Alisha kaleta pilau na kashata. Tumekula vizuri, tumecheka vizuri, halafu mtoto kaharibu. "Bibi, sheria inataka kila mpigaji aliye hai akubali. Bila sahihi ya mzee Iddy siwezi kuitoa. Alikukosea nini?"

Nikamwambia. Nisingeanza, lakini nilipoanza nilikwenda mpaka mwisho.

Baba yetu alikuwa Mnyamwezi, alikuja na mkataba kukata mkonge akabaki. Iddy ni Mzigua. Kwa hiyo ni watani, na kwenye bendi tulitukanana asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyenuna. Aprili sabini na saba Laurenti alishikwa homa Jumanne, Ijumaa akawa hayupo. Ana miaka ishirini na miwili. Mimi kumi na tisa. Baba alikuwa amelazwa hospitali, mama hajitambui, kwa hiyo kila kitu mimi.

Tunatoa jeneza, anatokea Iddy kavaa shati jekundu la Laurenti, lile la jukwaani. Kabeba jembe kama gitaa. Anapiga besi kwa mdomo, dum, dum, dum, anachechemea vile Laurenti alivyokuwa akichechemea akinogewa. Analiambia jeneza, "Amka bwana, umekosea noti!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Wanacheka, kaka yangu yuko ndani ya sanduku! Nikamzaba Iddy kofi, kofi la mkono wazi, mpaka jembe likaanguka.

Akanitazama. Halafu akakimbia ukutani, akabeba gitaa la besi na mfuko wake, akaondoka nalo mbio. Nikapiga kelele mwizi, mwizi, mwizi, mara tatu, mbele ya padri.

Hakulirudisha. Siku tatu, arobaini, mwaka. Gitaa lilikuwa la Gulamhussein, na alipokuja kulitaka nikamwambia liko kwa Iddy, kaliiba. Polisi wakamweka ndani siku nne. Hakusema lilipo. Alipotoka akahamia kwao Kwamsisi, na bendi ikafa hapo hapo.

Alisha aliniuliza kama watani huwa hawachukui vitu msibani. Nikamwambia wanachukua masufuria, wanachukua viti. Gitaa la mtu halichukuliwi. Akakusanya sahani.

4 Aprili

Wimbo wa tano, Usiniite Mgeni. Niliutunga mimi kwa ajili ya baba. Alikaa Korogwe miaka thelathini na bado walimwita mtu wa kuja.

Unanikumbusha jambo jingine, sijui kwa nini. Wiki ya tatu baada ya mazishi alikuja mama yake Iddy, kwa miguu kutoka stendi, kajifunga kaniki. Akakaa kwenye jamvi, akanywa maji, akasema, "Mwanangu, sisi tunangoja kuku." Nilimtazama yule mama. Mwanawe kaniibia, na yeye anataka kunilia kuku juu ya msiba! Nikamwonyesha njia. Akainuka taratibu, akasema, "Haya, siku ukiwa tayari." Sikumjibu hata kwaheri.

Watu wana uso mgumu.

7 Aprili

Wa sita, Vumbi la Kang'ata. Tulipiga kule kwenye sherehe ya mavuno, jenereta likazimika, Iddy akapiga peke yake mpaka mafuta yakaja. Watu hawakuondoka.

Wa saba, Duka Limefungwa. Chetan peke yake, dakika tatu, hakuna maneno. Nimemlilia Chetan, ambaye sikumlilia alipokufa.

Kesho ni wa nane. Mvua imeshika kabisa, bati linapigwa kutwa na sikio langu haliwezi kuchagua. Nitasubiri ikatike.

8 Aprili

Haikukatika.

9 Aprili

Imekatika saa nne. Nimefunga mlango, nimefunga dirisha, nimezima hata jiko. Nimejifunika kanga kichwani mimi na redio.

Besi imeanza. Noti nne. Nikashika mdomo.

Halafu kra, na mtoto mchanga analia.

Mtoto! Analia, anabembelezwa, mwanamke anaimba Kigujarati, mtoto anakohoa, mwanamke anaimba tena. Nimekaa ndani ya kanga nangoja kaka yangu atoke, na mtoto anakunywa maziwa. Dakika nne nzima. Mwisho kabisa, kra nyingine, na watu wanacheka. Sekunde kumi hivi za kicheko, na kaseti inakatika. Mmoja wa wanaocheka ni mimi. Sikumbuki tulikuwa tunacheka nini.

Nilitoka vile vile, kanga kichwani, ndala moja nyeusi na moja ya kijani. Mama Vimla anakaa juu ya duka lao, ana miaka themanini na kitu sasa. Nikapanda ngazi bila hodi.

"Nani alirekodi mtoto juu ya kaka yangu?"

Alinielewa polepole. Halafu akashika shavu. "Mungu wangu, Ritha. Dimple. Alikuwa na miezi minne. Chetan alikuwa Uingereza, akaandika barua nataka kumsikia mtoto wa dada yangu. Nikachukua kaseti iliyokuwa karibu. Sikujua kuna nini. Baadaye hata sikuituma."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, maneno yamejipanga mlangoni. Yule mama akaanza kulia. Utamgombeza mtu kwa kumwimbia mwanawe? Nikakaa. Tukanywa chai ya tangawizi, sukari imezidi.

"Wewe ulipewa santuri yako," akaniambia. "Iko wapi?"

Niliitupa chooni mwaka sabini na saba, kwa hasira. Nimemwambia hivyo hivyo. Za dukani ziliisha zamani. Ya Laurenti ilikuwa kwenye mfuko wa gitaa, alikuwa akitembea nayo popote.

"Basi anayo Iddy," akasema mama Vimla, kana kwamba ni habari ya kawaida.

10 Aprili

Afadhali nife kiziwi.

11 Aprili

Si afadhali.

14 Aprili

Amefariki mzee Yordani, mtaa wa juu, Mnyamwezi mwenzetu wa zamani wa shamba. Sisi wa shamba tunaisha. Mvua tangu asubuhi, tumezika kwenye matope. Watani wake Wazigua walikuwepo, vituko vyao vile vile. Mmoja alilala kaburini akasema hatoki mpaka Yordani amwambie alipoficha miwani. Wakaondoka na baiskeli ya marehemu wakipiga kengele. Watu walicheka wakaguna, wakaendelea kulia.

16 Aprili

Nimetoka kwenye kuanua tanga kwa Yordani.

Tumemaliza kula, binti yake mkubwa Agripina kaingia ndani katoka na kuku kamfunga miguu. Kavuka uwanja mpaka kwa wale watani. Kapiga magoti, anacheka na machozi yanatoka, kasema, "Watani wangu wachafu, nimekuja kumkomboa baba." Wakamzungusha. Kuku gani huyu, kakonda kama marehemu! Kuku huyu ana deni la mahindi! Halafu yule mkubwa wao akamkabidhi baiskeli, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kabisa, "Tumemzika, mama. Sasa tumemzika."

Nimehudhuria misiba mingapi? Kuku nimewaona wangapi? Sikupata kujiuliza hata siku moja kuku wangu yuko wapi.

*Mwanangu, sisi tunangoja kuku.*

Hakuja kuomba. Yule mama alikuja kunifundisha. Aliona nyumba haina mkubwa, baba kitandani, mama hajitambui, msichana wa mkonge amelelewa kwa masista hajui cha kufanya, akapanda gari kutoka Kwamsisi kuja kuniambia mlango uko wapi. Na mimi nikamwonyesha njia.

Iddy angelirudisha vipi? Mtani akirudisha kitu hakijakombolewa, amekubali kwamba aliiba. Nami nilikwisha mwita mwizi mara tatu mbele ya padri. Nilimfungia mlango, kisha nikakaa miaka arobaini na nane namuuliza kwa nini haingii.

Sina raha. Nimekaa, nimesimama. Mimi ndiye mjinga wa hadithi hii, na nilikuwa naitunga kwa fahari kabisa.

17 Aprili

Nimenunua kuku. Tetea mwekundu, mnono, ana macho ya dharau. Nimempigia Alisha nikamwambia tunakwenda Kwamsisi.

18 Aprili

Mvua. Njia haipitiki.

19 Aprili

Mvua. Kuku amefungwa mguu wa cherehani.

21 Aprili

Mvua. Kuku ametaga kwenye kapu la sare za shule. Nimefua sare tatu.

23 Aprili

Mvua. Ametaga tena. Elina kasema nimchinje tu. Nikamwambia huyu si wa kuchinja, ana safari. Kaniangalia sana.

26 Aprili

Tumejaribu. Basi mpaka Mkata, pale wenye pikipiki wakatuambia kuna korongo limekata njia, mmoja anasema maji yanafika kiunoni, mwingine anaonyesha kifuani. Nilitaka nivuke. Alisha kanishika mkono kama mtoto. "Bibi, ukisombwa na maji nani ataandika wimbo wa nane?" Tumerudi na kuku wetu.

2 Mei

Nimeamka kumekucha, kimya. Nikasema asante Mungu, imekatika, leo tunakwenda. Nimevaa, nimejifunga, nimemkamata kuku, nimefungua mlango.

Mvua inamwagika. Inaruka kwenye bati, inachimba uwanja, maji yamefika kizingiti. Naiona yote, na siisikii.

Nilisimama pale mlangoni sijui muda gani. Baadaye sikio la kulia likajifungua, polepole, kwanza kama mtu anasugua magunia mbali, halafu bati. Limerudi. Lakini limeniaga, nimeelewa. Limesema siku moja nitakwenda sitarudi.

Nimeogopa, sitaficha. Nimemshika kuku kifuani mpaka akanya kwenye gauni.

5 Mei

Jua kidogo.

6 Mei

Jua. Alisha kapiga simu Mkata, korongo limepungua. Kesho kutwa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimerudi sasa hivi, sijavua hata viatu. Nitaandika yote.

Tumefika Kwamsisi saa tano, pikipiki mbili, mimi na kuku kwenye moja, Alisha na mashine yake ya santuri ya betri kwenye nyingine. Nyumba ya Iddy ni ya tofali, bati, na pembeni jiko la udongo limeezekwa nyasi. Binti yake Hafsa alikuwa anaanika nguo. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kigoda barazani anamenya muhogo. Kichwa cheupe chote. Mikono ile ile.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Nani?"

"Mtani."

Kisu kikasimama. Hakuinua uso. "Mtani gani? Mimi watani wangu wana adabu."

"Huyu hana."

"Ameleta nini?"

"Kuku."

Akainua uso sasa. Alinitazama mimi, akamtazama kuku, akamtazama kuku muda mrefu zaidi. "Mmoja?"

"Mmoja."

"Kwa miaka yote hii? Siku nilipochukua lile gitaa, bibi yake bibi yake huyu alikuwa bado yai."

Hafsa akaguna, "Baba!" Nikapiga magoti kwenye matope, gauni la kanisani na yote. Nilikuwa nimejifunza maneno ya Agripina, nikayasahau. Nikasema yangu. "Iddy, nilikuita mwizi mbele ya watu na mbele ya maiti. Nikakufungisha. Mama yako akaja kwa wema nikamfukuza. Sikujua, na sikuuliza. Nisamehe."

Aliweka kisu chini. "Mama alimngoja huyo kuku mpaka anakufa," akasema. "Kila mgeni akipiga hodi, anauliza, ni yule binti?"

Nikalia. Alisha akalia. Kuku akapiga kelele.

"Zile siku nne ndani hazikuniuma," Iddy akasema. "Hata kofi halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba ulinikatiza. Sikumaliza kumlilia. Rafiki yangu nimemzika nusu."

Nikamwambia, "Basi maliza."

Alinitazama kama anapima nguo. Halafu akaniinua, akampokea kuku, akampa Hafsa, akachukua jembe lililoegemea ukuta. Ana miaka sabini na moja, magoti yanalia. Akalivaa lile jembe. Dum, akasema, dum, dum, dum. Akachechemea. Jamani, alikuwa Laurenti! Shingo ile, mdomo ule aliokuwa akiuuma kwenye noti za chini. "Amka bwana!" akaiambia ardhi. "Dada yako kaleta kuku mmoja! Mmoja! Amka uone aibu!" Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, na huku nalia, na wala sikuona haya. Alipomaliza aliweka jembe chini, akajifuta uso kwa shati.

Akaingia jikoni. Gitaa lilikuwa darini, pembeni ambako moshi unafika na joto halifiki, ndani ya gunia, ndani ya plastiki, ndani ya mfuko wake. Moshi umelifanya gunia jeusi, gitaa mchwa hawakuligusa. Kila masika alikuwa akilishusha analifuta ukungu. Nyuzi hakuna. Akanipa kwa mikono miwili. "Tumemzika, mtani." Nikaitikia. Mfukoni, kati ya makaratasi mawili magumu, santuri.

Alisha akafunga mashine barazani. Na hapo hapo, amini usiamini, mvua ikaja. Sio manyunyu. Ikaliangukia lile bati lote kwa pamoja, na sikio langu likajaa. Nikaona mdomo wa Alisha unasema bibi, bibi, sisikii hata yeye. Nikasema ndiyo basi. Nimechelewa kwa saa moja.

Iddy hakubishana na mtu. Alibeba mashine yote kifuani akakimbia nayo jikoni, kwenye nyasi. Nyasi hazipigi kelele. Tukaingia wanne, na kuku wa tano, tukachutama kuzunguka mafiga. Nikaweka sikio la kulia kwenye spika. Iddy akashika sindano mwenyewe.

Besi, noti nne. Hakuna mtoto.

*Nipigie polepole, mwendo wangu si wa gari,*
*Nimebeba mwenzangu, na njia ina utelezi.*

Sauti yake haikuwa nzuri. Nilisahau kwamba haikuwa nzuri. Ina mkwaruzo, inafika noti kwa kuchelewa kama mtu anayefunga kamba ya kiatu wenzake wamekwisha ondoka. Nilikuwa nimemtengenezea sauti nyingine kichwani, laini, ya malaika, na huyu hapa ndiye Laurenti mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mmoja ana mafua. Niliisikia yote. Kila neno.

Wimbo ukaisha. Kamba ya mwisho inatetemeka, na kabla fundi hajazima, Laurenti anaongea.

"Iddy. Mimi nikitangulia, utanililia na nini?"

Sauti ya Iddy, mbali, nyuma ya dramu: "Na jembe!"

"Haya, lakini besi usiache."

Na sisi wote tunacheka.

Nilimtazama Iddy ng'ambo ya mafiga. Alikuwa anatazama moto. Alikuwa anayajua hayo maneno miaka yote, na siku ile ya kofi, na zile siku nne, na hakumwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kwani wewe hukuwepo?" akasema.

11 Mei

Alisha, haya ndiyo maelezo yako. Sahihi ya Iddy umeipata. Gitaa lilikuwa la babu yako, nimeshindwa kukutazama nikikurudishia, na wewe umesema likae kwangu, asante. Kuku hakuchinjwa. Hafsa kasema anataga vizuri.

Leo kuna mvua na siisikii vizuri. Haidhuru.

Wimbo wa nane, Nipigie Polepole. Ameutunga na kuuimba Laurenti, besi pia ni yeye. Solo, Chetan. Dramu na jembe, Iddy. Mwishoni wanasikika watu wakicheka. Anayecheka kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amesikia vizuri, ni mimi.